Mdogo wangu kaanguka akiwa kwenye klozapini. Je, dawa imempa kifafa?

*"Assalamu alaikum daktari. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 28 na ana skizofrenia, ugonjwa wa akili. Dawa nyingine zilishindwa kwa miaka 6, akaanzishiwa klozapini Dar es Salaam, na tukampata tena yule tunayemjua. Dozi yake ni miligramu 450 kwa siku: 150 asubuhi na 300 usiku. Sisi tuko Tanga. Ramadhani ilipoingia alitaka kufunga, tukaona dawa zote ameze kwa pamoja baada ya tarawehe. Sigara akapunguza, kutoka pakiti nzima kwa siku hadi mbili tatu za usiku. Siku ya 15 alimeza saa nne usiku, saa saba kasoro akaanguka: alikakamaa, akatupa mikono na miguu, povu likamtoka, akajikojolea. Tulimtia kijiko mdomoni. Siku chache kabla yake kikombe cha uji kilimponyoka mara mbili wakati wa futari, na magoti yalikuwa yanamlegea akisimama. Alikuwa anamalizia dawa ya UTI, sipro, aliyonunua duka la dawa. Zahanati walisema ni kifafa wakatupa Tegretol, hatujamwanzishia. Mama amezuia klozapini. Leo siku ya nne hajameza, halali, anatoka jasho. Mama anasema mwezi huu mashetani wamefungwa, kwa hiyo hili ni dawa tu, halina mengine. Je, dawa imempa kifafa? Tumrudishie dozi yake au tuache kabisa?"*

Waalaikumu salaam, dada. Poleni sana, na mama mfikishie pole zangu. Nianze na la leo usiku, maana haliwezi kusubiri mengine: msimrudishie ile dozi ya 450.

Klozapini ikikatika kwa zaidi ya saa 48, mwili unapoteza mazoea nayo. Mtu aliyekuwa anameza 450 bila tatizo, akirudishiwa 450 ghafla baada ya siku 4, presha inaweza kushuka hadi azirai, moyo na pumzi vikaelemewa, na anaweza kuanguka tena vibaya kuliko mara ya kwanza. Kanuni ni kuanza upya na miligramu 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25, mara moja au mbili siku ya kwanza, kisha kupanda huku presha na mapigo ya moyo yakipimwa. Aliyewahi kuizoea huweza kupandishwa haraka kuliko mgeni, lakini mwendo huo unaamuliwa na daktari aliye mbele yake. Msiupange nyumbani, na mimi pia siwezi kuupanga nikiwa mbali.

Kukaa bila dawa nako si salama. Jasho lile na kukosa usingizi vinaeleweka: klozapini huizuia kemikali ya mwilini iitwayo asetilkolini, na kizuizi kikiondolewa ghafla, kemikali hiyo inafanya kazi kwa kishindo. Mgonjwa hutokwa jasho, husikia kichefuchefu, hutapika, huharisha, kichwa humuuma, usingizi humruka. Baada ya hapo ugonjwa wenyewe unaweza kurudi ndani ya siku chache, na aliyekatishiwa klozapini ghafla unaweza kumrudia kwa ukali kuliko zamani. Basi leo hii pigeni simu kliniki yenu ya Dar es Salaam. Msipowapata, mpelekeni hospitali ya Bombo hapo Tanga, ulizeni huduma ya afya ya akili, na kabla ya maelezo marefu semeni mambo matatu: anatumia klozapini, ameanguka, ana siku 4 hajameza.

Sasa nije kwenye swali lako. Kwa maelezo uliyonipa, mama amekaribia sana ukweli. Naona dawa ndiyo iliyomwangusha, au niseme kwa usahihi zaidi, dawa ilizidi kwenye damu yake. Ila kuangushwa na dawa ni jambo moja, na kuwa na kifafa ni jambo jingine. Kifafa ni ubongo kuwa na tabia ya kuanguka wenyewe, bila kuchokozwa, na kwa kawaida hatumwiti mtu mgonjwa wa kifafa mpaka awe ameanguka walau mara mbili bila sababu ya papo hapo, kwa siku tofauti. Mtoto mwenye homa kali akipata degedege hatusemi ana kifafa. Tunasema homa ilimfanya hivyo. Ya mdogo wako yanafanana na ya mtoto huyo.

Chembe za ubongo husemezana kwa umeme. Siku ya kawaida ni kama soko la samaki asubuhi: kila muuzaji ana maneno yake, huyu anataja bei, yule anabishana na mteja, na katika kelele hiyo kazi inakwenda. Mtu akipiga ukelele wa "Mwizi!" soko zima linapaza neno hilohilo kwa pamoja, na hakuna biashara tena. Mtu anayeanguka, ubongo wake umefika hapo: maelfu kwa maelfu ya chembe zinapiga umeme kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mwili mzima unakakamaa na kutupa, na mwenyewe hana habari.

Kinachozuia hali hiyo ni ukingo, kama ule wa kuzuia maji, ambao kila binadamu anao, awe mzima au mgonjwa. Sukari ikishuka mno, malaria ikipanda kichwani, mlevi wa siku nyingi akinyimwa pombe ghafla, mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani huanguka. Dawa za saikosisi, yaani za magonjwa ya akili kama skizofrenia, zinaupunguza ukingo huo urefu. Zinafunga milango ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini, ambayo katika sehemu fulani za ubongo huzituliza chembe; nyingi zinafunga pia milango ya histamini; na klozapini inaonekana kuigusa hata breki kuu ya ubongo, kemikali iitwayo GABA. Ukingo ukishakuwa mfupi, vitu vidogo kama kukesha, homa au dawa ya pembeni vinatosha kuyavusha maji.

Dawa hizi hazilingani, na usikubali mtu akuambie "dawa za akili zote zinaleta kifafa". Klozapini ndiyo inayoongoza. Katika hesabu za Marekani zilizochapishwa mwaka 1991, chini ya miligramu 300 kwa siku alianguka takriban mtu 1 katika kila 100. Kati ya 300 na 600 wakakaribia 3. Kutoka 600 kwenda juu wakapita 4. Kloropromazini, ile wengi wanayoijua kwa jina la Largactil, inafuata, lakini kwa dozi za kawaida hatari yake iko chini ya mtu 1 kwa 100, na inapaa ikivuka miligramu 1,000 kwa siku. Haloperidoli na risperidoni ziko chini. Katika hesabu zote hizo utaona dozi kubwa na dozi inayopandishwa haraka vinajitokeza tena na tena.

Sasa tupige hesabu ya mdogo wako. Miligramu 450 hazikuongezwa hata moja, na hapo ndipo watu wengi wangekwama. Dozi ya mdomoni ilibaki ileile, lakini iliyo kwenye damu ilipanda kwa njia nne kwa wakati mmoja.

Ya kwanza ni kuunganisha. Klozapini hufika kileleni kwenye damu kama saa mbili na nusu baada ya kumezwa. Alizoea kilele cha miligramu 300. Nyinyi kwa nia njema mkampa kilele cha 450. Angalia saa zako mwenyewe: alimeza saa nne, akaanguka saa saba kasoro.

Ya pili ni sigara, na hii huwashangaza hata watu wa afya. Klozapini husafishwa na ini kwa kimeng'enya, yaani protini inayovunjavunja dawa, kinachoitwa CYP1A2. Moshi wa tumbaku hukichochea kimeng'enya hicho kifanye kazi kupita kiasi, kwa hiyo mvutaji wa pakiti moja huhitaji dawa nyingi zaidi ili apate nafuu ileile. Daktari wake alipofika 450 alikuwa anampimia mvutaji. Moshi ulipopungua, kimeng'enya kilitulia ndani ya siku chache, takriban wiki, na dawa ikaanza kujikusanya. Kwa wastani kiwango hupanda kwa nusu hivi, na wapo ambao hujikuta wamefikia mara mbili. Kinachochochea ni moshi wenyewe, nikotini haihusiki. Kwa hiyo ugoro na kuberi havihesabiki hapa, na mtu akiacha sigara akahamia huko, kwa klozapini ni sawa na ameacha kabisa. Sisemi aendelee kuvuta! Kuacha ni jambo jema sana, ila kwa mtu wa klozapini kunapangwa na daktari, dozi inateremka polepole pamoja na sigara.

Ya tatu umeitaja kwa haraka, nami naona ndiyo nzito kuliko zote: sipro. Siprofloksasini hukifunga kimeng'enya hichohicho. Sigara imepungua, kimeng'enya kimelegea, kisha inakuja dawa ya kukifunga. Klozapini iliyobaki haina pa kutokea. Kwa baadhi ya watu sipro peke yake hupandisha klozapini mara mbili au zaidi. Juu ya hayo, siprofloksasini na ndugu zake zina tabia yao wenyewe ya kuushusha ule ukingo wa ubongo. Na kama kweli alikuwa na maambukizi, mwili unaopigana na maambukizi makali nao hupunguza kasi ya ini kuisafisha klozapini. Wahudumu wa maduka ya dawa hawayajui haya yote, na si haki kuwatwika lawama. Andikeni kwenye karatasi, mwenyewe aitembeze mfukoni: "Natumia klozapini. Nisipewe siprofloksasini wala fluvoksamini bila daktari wangu kujua." Fluvoksamini ni dawa ya sonona inayokifunga kimeng'enya hichohicho. UTI ina dawa nyingine zisizoligusa ini kwa namna hiyo.

Ya nne ni usingizi. Tarawehe, kisha kuamka daku, kisha alfajiri. Kwa wiki mbili hajalala usiku mmoja mzima. Kukosa usingizi kunamwangusha hata asiyemeza dawa yoyote. Nawaza pia kahawa ya usiku barazani, kwa kuwa kahawa hugombania kimeng'enya kilekile, lakini hukuitaja, nami siwezi kuibebesha mzigo.

Ule uji unastahili aya yake. Kikombe kilipomponyoka mara mbili, ubongo ulikuwa umeshatoa onyo. Misuli inashtuka ghafla kwa chini ya sekunde, mkono unarusha au unaachia kilichomo, magoti yanakatika mtu akisimama, na akili yake iko timamu. Mara nyingi familia hudhani ni uzembe, njaa ya saumu au udhaifu tu. Kwa mtu wa klozapini, mishtuko hiyo huweza kutangulia kuanguka kwa siku au wiki kadhaa, na ndio wakati mzuri wa kupunguza dozi kabla mambo hayajaharibika. Kigugumizi ambacho hakuwa nacho kabla, naye anatumia dawa hii, nacho kichukulieni hivyohivyo. Ukiona lolote kati ya haya tena, piga simu siku hiyohiyo.

Hata hivyo, pamoja na kwamba hesabu inaelekea upande mmoja, asifungiwe jalada kwa kukisia. Siku mtakayofika hospitali apimwe sukari na malaria hapohapo, na damu ipimwe chumvi ya sodiamu. Wapo wagonjwa wa skizofrenia wanaokunywa maji kupita kiasi, lita nyingi kwa siku, sodiamu ikashuka na wakaanguka kwa hilo tu. Mfungaji anayefidia kiu usiku anaweza kuingia humo. Apimwe VVU kama hajapima karibuni. Mwambieni daktari kama amewahi kuumia kichwa, kama anakunywa pombe au ameiacha ghafla, kama anameza tramadoli, kama alikuwa anapewa diazepamu ikakatizwa. Ikiwezekana apigwe picha ya ubongo ya CT, hasa kama kuanguka kulianzia upande mmoja wa mwili au baadaye mkono mmoja ulibaki mnyonge. Msiache picha kwa kusema "sisi hatuli nguruwe": vifuko vya tegu kwenye ubongo hutokana na mayai ya mnyoo yanayotoka kwenye choo cha binadamu na kuingia kwenye mboga, maji au mikono, na asiyewahi kuonja nyama hiyo hupata vilevile. Kipimo cha umeme wa ubongo kinasaidia kwa kiasi, ila kwa mtumiaji wa klozapini mara nyingi huonyesha mabadiliko hata kama hajaanguka kamwe. Kisisomwe peke yake.

Kuhusu Tegretol, mmefanya vyema kusubiri, na msimwanzishie. Ndani yake ni karbamazepini, dawa nzuri kabisa kwa kifafa cha kawaida. Lakini klozapini inaweza kuangusha chembe nyeupe za damu, na ndiyo maana mtumiaji wake hupimwa damu mara kwa mara. Karbamazepini nayo inaweza kufanya hivyo. Mbili kwa pamoja hatuzichanganyi. Isitoshe, karbamazepini huliamsha ini liiondoe klozapini haraka, na akili yake ingevurugika tena. Fenobabitoni na fenitoini nazo huliamsha ini vivyo hivyo. Mhudumu wa zahanati alimwona kijana aliyeanguka akampa dawa ya waangukao. Kilichokosekana ni jina la klozapini kutamkwa mbele yake.

Sasa mwelekeo. Ninavyoona, kuiacha klozapini moja kwa moja kwa sababu ya kuanguka mara moja kwenye mazingira kama haya ni kumnyang'anya kijana kitu asichokuwa na mbadala wake. Umesema mwenyewe, miaka 6 dawa nyingine zilishindwa. Mwaka 1988 Wamarekani walichapisha matokeo ya wagonjwa wa namna hiyo waliopewa klozapini au kloropromazini kwa wiki 6: waliopata nafuu kwa klozapini walikuwa 30 katika kila 100, kwa kloropromazini 4. Tofauti hiyo ndiyo iliyoirudisha dawa iliyokuwa imewekwa kando kwa sababu ya madhara kwenye damu.

Njia ninayoipendelea ni hii: aanze upya polepole kama nilivyoeleza, sipro ikiwa imekwisha, na daktari asiwe na haraka ya kurudi 450. Pengine atatulia kwenye 300 au 350 zilizogawanywa mara mbili, hasa kama sigara imebaki chache. Pale inapopatikana, apimwe kiwango cha klozapini kwenye damu, saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Kuanzia 0.35 ya miligramu kwa lita wengi hupata faida, ikipita 0.6 hatari ya kuanguka inaongezeka; kukaa juu ya 1 hatukutaki. Kipimo hiki si cha kila maabara, na kisipopatikana daktari huongozwa na dozi, sigara na mishtuko ya misuli.

Njia ya pili ni kumwongezea dawa ya kuzuia kuanguka, na tunayoizoea pamoja na klozapini ni sodiamu valproeti. Madaktari wengine huianza mara tu baada ya kuanguka kwa kwanza, na sina ugomvi nao. Wengine, nikiwemo mimi kwa kisa chenye chanzo cha wazi namna hii, husubiri kuona kama dozi ndogo inatosha. Akianguka tena, au ikionekana hatulii bila dozi kubwa, hapo valproeti haina mjadala. Bei yake ni unene, kutetemeka mikono, usingizi, na ini la kuchungwa. Mwanamume anayetarajia kupata mtoto amweleze daktari mapema. Na kwa dada wanaosoma hapa, hili lisikike vizuri: valproeti wakati wa ujauzito huleta kasoro kubwa za maumbile kwa takriban mtoto 1 katika 10, na matatizo ya ukuaji wa akili kwa 3 hadi 4 katika 10. Kwa msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba itafutwe njia nyingine, kwa mfano lamotrijini inayopandishwa taratibu sana kwa sababu ya vipele vya hatari.

Wenye ndugu wanaodungwa Modecate kila mwezi nao nawaambia jambo moja. Ile ni flufenazini kwenye mafuta, inakaa mwilini kwa wiki nyingi, na mtu akianguka hakuna namna ya kuitoa. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza muuguzi ajue kama mtu aliwahi kuanguka au kuumia kichwa. Na si kila kinachotisha ni kuanguka: shingo kupinda, ulimi kutoka nje, macho kugeukia juu na kukwama huku mtu anawasikia na anaogopa, hiyo ni misuli iliyokazwa na dawa kama haloperidoli. Ni ya kukimbiza hospitali pia, ila hutulizwa kwa sindano kama promethazini na kidonge kama Artane, wala haihusiani na kifafa. Mwili kukaza kama gogo pamoja na homa kali na kuchanganyikiwa ni jambo la tatu, linaloweza kuua; dawa isimamishwe na hospitali iwe saa hiyohiyo.

Saumu. Aya ya 185 ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na kwa mwaka huu ningemwomba aichukue: anaanza dawa upya, anahitaji asubuhi na jioni, maji ya kutosha na usingizi. Maji yana kazi nyingine pia, kwa sababu klozapini hufunga choo kwa namna inayoweza kuua. Siku 3 bila choo na tumbo kujaa si jambo la kuvumilia. Kama nafsi yake inaumia kula watu wakifunga, mwende na shehe mnayemwamini, mweleze hali yote kama ulivyonieleza. Na jihadharini na Idi: akirudia pakiti yake kwa siku wakati dozi imeshateremshwa, kimeng'enya kitaamka, kiwango kitashuka, na dalili za ugonjwa, kama kusikia sauti, zinaweza kurudi. Daktari ajue idadi ya sigara kama anavyojua idadi ya vidonge.

Kuhusu kijiko: msirudie tena, dada. Ulimi haumezwi. Kijiko huvunja meno, na kipande cha jino kikiingia kwenye njia ya hewa kinaziba. Akianguka, ondoeni vitu vya kumuumiza, wekeni kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, legezeni ukosi, msimshike kwa nguvu, na mtupo ukipungua mgeuzeni alale ubavu ili povu litoke. Kitunguu na kiberiti puani havisaidii. Povu halimwambukizi mtu chochote, mshikeni bila hofu. Tena mtu mmoja aangalie saa. Ikipita dakika 5 bado anatupa, akianguka mara ya pili kabla hajazinduka, akiumia kichwa, akianguka majini, au nusu saa imepita na bado hatambui watu, msikae kusubiri kupambazuke, tafuteni gari.

Kwa miezi kadhaa, hadi daktari atakapomruhusu, asiendeshe bodaboda, asipande mnazi, asitoke na ngalawa, asioge baharini bila mtu mwenye nguvu kando yake. Jikoni asikae peke yake na sufuria ya mafuta.

Mama mpe daftari. Kila siku aandike saa ya dawa na miligramu alizompa, saa alizolala, sigara alizovuta, choo, dawa yoyote mpya hata ya mafua, na chochote kilichomponyoka mkononi. Daktari wa Dar es Salaam akilifungua daftari hilo pamoja na majibu ya damu ya wiki za karibuni, atajua aanzie wapi.